Kala halijafa, limelala

Hapa Mtwara, kiangazi kikianza, maua ya kala (calla lily) yale ya rangi, ya njano na ya waridi, hung'olewa na kutupwa jalalani. Ni imani ya miaka mingi: majani yakigeuka manjano na kuanguka, ua limekufa. Wengine huzidisha maji wakidhani lina kiu, na hapo ndipo wanapoliua kweli.

Chimbua kidogo kwa vidole. Juzi nilifanya hivyo kwenye chungu alichotaka kukimwaga jirani. Tukakuta kiazi bapa, kigumu, kimetulia zake. Kingebonyea na kunuka, ningemwambia atupe. Asili ya mmea huu ni kusini mwa Afrika, na aina za rangi zimezoea kupumzika sehemu ya mwaka. Acha majani yakauke yenyewe, maana yanarudisha chakula kwenye kiazi, kisha punguza maji na usogeze chungu kivulini penye hewa. Mvua za Desemba zikikaribia, panda upya kina cha sentimita 5 hadi 10, udongo usituamishe maji. Mchanga wetu wa pwani hauna chakula, kwa hiyo changanya samadi iliyooza vizuri. Jua la asubuhi linatosha; la saa nane mchana huunguza majani.

Kala jeupe ni habari nyingine. Hilo hupenda unyevu, na likipata maji huweza kubaki na majani mwaka mzima.

Yote mawili ni ndugu wa magimbi, na yakitafunwa huwasha mdomo vilevile. Watoto wayaangalie tu.