Wanafunzi wanapoanguka darasani: shule, wazazi na masheikh wapatane mapema

Ikikaribia Novemba, vidato vya pili na vya nne vikijiandaa na mitihani ya taifa, shule ya sekondari hapa Tanga huweza kukumbwa na jambo ambalo mwenyeji wa pwani hahitaji kusimuliwa. Msichana anapiga ukelele katikati ya kipindi, anaanguka, anajinyonganyonga. Hajainuliwa bado, wa pili kaanguka kwenye korido, wa tatu analia haambiliki. Kufika saa nne, mwalimu wa zamu ana wasichana wanane sakafuni, wazazi wamejaa getini na vijana wa bodaboda wanachungulia juu ya ukuta. “Wamepandisha mashetani,” wanasema walio nje. “Wanajifanya hao,” wanasema baadhi ya walimu ndani. Hao wa pili tunawapinga waziwazi sisi wa afya ya akili. Na wale wa kwanza hatugombani nao, kwa sababu nitakazoeleza.

Binti hajifanyi. Hofu ikimpanda, anapumua haraka haraka na juu juu. Kwa kupumua hivyo, hewa ya kabonidayoksaidi hupungua katika damu, na matokeo yake yanaonekana: midomo inachonyota, vidole vinakufa ganzi, viganja vinajikunja na kukakamaa, kichwa kinazunguka. Mtoto anayeona vidole vyake vimepinda na havinyooki ataamini nini kama si kwamba anakufa au ameingiliwa? Hofu inazidi, pumzi inakwenda mbio zaidi, miguu inaishiwa nguvu. Jirani yake wa dawati, aliyetoka Pongwe alfajiri bila kunywa chai na mwenye wahka uleule wa mtihani, anayashuhudia yote hayo kwa karibu. Naye anaanza. Hali hii husambaa kwa macho na masikio, kama miayo.

Nchi yetu ina kisa cha jambo hili kinachosomwa na wataalamu duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kufikia katikati ya Machi walikuwa wamepatwa wanafunzi 95 kati ya 159. Walimu hakupatwa hata mmoja. Uchunguzi ulifanyika, haikupatikana sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao. Nshamba, kijiji walikotoka baadhi yao, kikapata watu 217 wenye hali ileile kati ya Aprili na Mei, wengi wao vijana na watoto wa shule. Kashasha ikafunguliwa tena mwezi Mei, na mwezi uliofuata ikafungwa tena.

Namweleza kila mkuu wa shule kisa hicho kwa ajili ya sehemu ile ya Nshamba. Wazo la kwanza siku ya tafrani ni kufunga shule. Ukiwatoa wanafunzi mia sita barabarani kwa mpigo, wakiwa wamejaa kiwewe, kila mmoja anafika na habari nyumbani, madrasa na sokoni. Jioni mtaa mzima unajua, na kesho shule ya jirani nayo ina wa kwake. Siku hizi hata jioni haingojwi. Video hufika Muheza kabla mkuu wa shule hajapata simu ya afisa elimu.

Hata hivyo, mtu asikimbilie kusema “ni hofu tu” bila kumpima mtoto. Anayetupa viungo kwa mpigo unaolingana, akajiuma ulimi, akajikojolea na kuamka amechanganyikiwa, huenda ana kifafa, na huyo anahitaji daktari. Homa ifikiriwe malaria. Wakiugua wavulana, wasichana na mpishi, wote waliokula maharage ya jana, tazameni jikoni. Upungufu wa damu na njaa navyo huangusha. Ndiyo maana mhudumu wa zahanati anatakiwa afike mapema, apime sukari na joto, kisha aseme kwa sauti ya kawaida kilichoonekana.

Kwa wale ambao vipimo havina neno, kazi kubwa ni kuondoa watazamaji. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kuwalaza wote pamoja ukumbini, wakitazamana, huku watu kumi wanapepea kwa khanga na kuita majina yao. Kila mmoja apelekwe chumba chake, au walau chini ya mti wake, akiwa na mtu mzima mmoja asiyepaparika. Huyo aseme machache, kwa upole: “Niko hapa. Vuta pumzi kwa pua polepole, itoe polepole zaidi.” Viganja vitajikunjua vyenyewe. Wanafunzi wengine waendelee na vipindi, hata kama mwalimu anaona hawasikii anachofundisha. Simu zifungiwe. Na kumchapa aliyeanguka ili “azinduke” kukome. Kanuni za viboko, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinampa ruhusa mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne na viandikwe kwenye daftari. Hakuna panaposema kiboko ni dawa ya kuzirai.

Yote haya hayawezekani siku yenyewe kama hayakupatanwa kabla. Mama aliyeambiwa mwanawe kapandisha hasikilizi somo la pumzi getini. Kwa hiyo kikao kifanyike mapema, mwezi wa saba au wa nane, shule ikiwa imetulia. Waitwe bodi ya shule na wawakilishi wa wazazi, mwalimu wa malezi na unasihi, matroni, mwenyekiti wa mtaa, mhudumu wa zahanati, ustadhi wa madrasa wanakosoma watoto haohao, na mchungaji. Nashauri pia aitwe mwanamke mmoja mtu mzima anayeheshimika mtaani. Mabinti humwambia bibi wa namna hiyo mambo wasiyoyaandika kwenye sanduku la maoni.

Suala gumu kikaoni ni dini na tiba za asili. Msimamo wetu ni huu: hatuji kubishana na mzazi kama majini wapo. Tunachoomba ni mahali na namna. Kisomo cha utulivu, mtoto akiwa nyumbani na wazazi wake, humtuliza, na hatuna sababu ya kukizuia. Kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya kunywa, halina neno. Lakini kufukiza ubani au mafusho ndani ya darasa lililofungwa, mbele ya mtoto ambaye tayari anahema, kunamzidishia. Na kukusanya shule nzima mstarini ili masheikh au wachungaji wawatoe mashetani kwa vipaza sauti kunaongeza wanaoanguka, kwa sababu kunarudisha watazamaji wote tuliohangaika kuwaondoa. Ustadhi anayelielewa hili ana nguvu kuliko sisi. Akisema yeye getini, “Wazee wangu, watoto wapo salama, tuwape nafasi,” watu wanatawanyika. Nikisema mimi na koti langu jeupe, wanauliza kama nataka kuwapeleka watoto Lutindi.

Hofu hiyo ya Lutindi tuitamke kikaoni. Hospitali ile ya milimani Korogwe inatibu wagonjwa wa akili tangu miaka ya mwanzo ya 1900, na jina lake limegeuka tusi la kutaniana. Msichana aliyeanguka darasani hahitaji kulazwa huko. Anahitaji kula, kulala na mtu wa kuzungumza naye.

Jambo jingine la kukubaliana ni kwamba hatatafutwa mchawi. Mara hutajwa bibi anayeuza mihogo getini, mara mwalimu mgeni, mara mwanafunzi asiye na marafiki. Jina likishatamkwa hadharani halirudi, na aliyetajwa anaweza kuumizwa. Mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa dini walikatae hilo kwa kauli moja, siku hiyohiyo.

Mambo yakipoa ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo shule nyingi huishia. Wale waliofuata kuanguka kwa kawaida hurudi sawa ndani ya siku chache. Yule wa kwanza ndiye wa kuangaliwa. Kwa nini yeye, na kwa nini sasa? Mabinti wengi wa kwetu hufundwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Asiyeruhusiwa kusema “sitaki” au “naogopa”, mwili wake unaweza kumsemea. Akikaa faragha na mtu anayemwamini, huenda kikatoka kitu cha kawaida, kama hofu ya kufeli, msiba au michango isiyolipwa. Huenda pia kikatoka kitu kizito: posa asiyoitaka, mjomba anayemwingilia, au mwalimu anayemsumbua.

Kwa ajili ya hicho cha mwisho, mlango mmoja wa ndani ya shule hautoshi. Kila mwanafunzi ajue mlango wa nje: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii wa kata, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayopigwa bure. Namba hiyo ibandikwe vyooni kwa wasichana, ambako msichana anaweza kuisoma bila kuonekana na mtu.

Siku atakaporudi darasani asihojiwe mbele ya wenzake, wala asipewe jina la utani. Akae na rafiki amtakaye. Mwalimu wa malezi amwone kwa faragha kila wiki hadi mitihani iishe, amuulize habari za usingizi na chakula. Kama baada ya wiki mbili bado hapati usingizi, hataki kula, anajitenga au anasema heri afe, mzazi aitwe siku hiyohiyo, waende pamoja hospitalini, na asiachwe peke yake hata usiku mmoja.