Kugeuza UPS iliyotupwa kuwa inveta ya sola: vya kupima kabla ya kuifunga

UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika, nyingi zinazotupwa hazijaharibika. Kilichokufa ni betri ya ndani, ile ndogo ya volti 12 na 7Ah au 9Ah (ampea-saa, yaani kiasi inachohifadhi), ambayo kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5. Transfoma, mosfeti (swichi za kielektroniki) na bodi bado ni vizima. Ukiunga betri kubwa nje na paneli ya kuichaji, unapata inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Lakini mashine hii iliundwa ifanye kazi dakika chache tu, mtu ahifadhi kazi yake na kuzima kompyuta. Wewe unaitaka iende kwa muda wa saa tano kila usiku. Karibu kila hitilafu ninayoieleza hapa chanzo chake ni tofauti hiyo.

Ukiwa unachagua, inyanyue kwanza. Ninayoitafuta ni ile nzito, yenye transfoma ya chuma. Aina ya online, inayogeuza umeme mara mbili muda wote, mimi huiacha: nyingi hutaka betri za volti 36, 72 au zaidi, na ndani kuna DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) ya mamia ya volti ambayo hubaki kwenye kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, hata baada ya kuzima. Angalia pia namba za nyuma. VA si wati. UPS ya 650VA kwa kawaida ni ya wati 360 hadi 390, na ya 1000VA ni kama wati 600. Yenye betri moja ni ya volti 12, yenye mbili zilizofuatana ni ya volti 24. Ukiwa na hiari chukua ya 24, kwa sababu kwa mzigo uleule ampea hupungua nusu.

Kabla ya kuunga betri, kuna kipimo ambacho wengi hukiruka, nacho ndicho kinachoweza kuua mtu. Chomoa plagi, toa betri, weka mita kwenye omu, kisha pima kati ya waya hasi wa betri na kila pini ya plagi, halafu na kila tundu la soketi za kutolea umeme. Rudia kwa waya chanya. Ukikuta njia kuelekea laivu au nyutro (waya mbili zinazobeba umeme wa ukutani), basi upande wa betri haujatenganishwa na upande wa umeme mkubwa. Betri ikiwa imefungiwa ndani ya boksi la plastiki hakuna wa kuigusa. Ukiitoa nje na kuiunga na paneli zilizo juu ya paa, umeupeleka umeme huo mpaka kwenye nyaya za paneli na vichwa vya betri. UPS ya namna hiyo ivunje upate vipuri.

Ikifaulu, fungua boksi uangalie kapasita zilizovimba na mosfeti zilizopasuka. Kisha unga betri kupitia balbu ya taa ya gari ya wati 55 kwenye waya chanya. Balbu ikimulika mara moja na kuzimika, kapasita zimejaa na saketi ni nzima. Ikibaki inawaka kwa nguvu, mosfeti zimepiga shoti na bila balbu ungeunguza fyuzi, pengine na bodi. Balbu hiyohiyo huzuia ile cheche kubwa ya kuunga betri kwa mara ya kwanza: acha kapasita zijae kupitia kwake, kisha unga moja kwa moja. Usijaribu kubeba mzigo kupitia balbu, volti zitaanguka na UPS itajizima.

Sasa iwashe bila plagi kuwa ukutani. Zipo zinazokataa kabisa kuanza bila gridi (umeme wa ukutani), na hizo hazifai kwa nyumba isiyo na umeme. Zipo pia zinazojizima zikiona mzigo mdogo mno. Ukiwasha balbu moja ya LED ya wati 5 na baada ya dakika chache giza linarudi, hujakosea kuunga, ni bodi inayookoa betri. Kwenye baadhi kitu hicho huzimwa kwa mipangilio. Kwenye nyingine itabidi mzigo usishuke chini ya kiwango fulani, yaani upoteze umeme ili upate umeme. Hakikisha pia unatumia soketi zinazolishwa na betri, kwani baadhi ya soketi za nyuma hukinga tu dhidi ya umeme mwingi.

Mzigo na joto

Kanuni yangu ni theluthi moja ya wati zilizoandikwa, hakuna zaidi. Kwa UPS ya wati 390, panga mzigo wa kudumu wa wati 130. Sababu ni transfoma. Ni ndogo kuliko inavyotakiwa kwa wati hizo, lakini kwa dakika kumi chuma na shaba vinameza joto bila kupata moto sana. Baada ya saa nzima hakuna pa kulimeza tena. Transfoma nyingi zina fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya koili. Ikikatika mara moja, transfoma inaonekana imekufa hata kama koili ni nzima.

Ongeza feni ya kompyuta ya milimita 80, ivute hewa ipite juu ya mabamba ya kupoza mosfeti na kisha transfoma. Iwashwe na swichi ya joto ya nyuzi 45 iliyobanwa kwenye bamba, ili usiku wa mzigo mdogo isile umeme bure. Kwenye mfumo wa volti 24, unga feni mbili zinazofanana kwa kufuatana. Kisha jaribu kwa saa moja na nusu ukiwa na mzigo wako halisi. Bamba likizidi nyuzi 70, punguza mzigo.

Adui asiyeonekana ni umeme ambao mashine yenyewe hula ikiwa imewashwa bila mzigo. Pima kwa ampea upande wa betri, kisha zidisha kwa volti upate wati. Wati 15 ni jambo la kawaida. Kwa saa 24 hizo ni 360Wh, wakati betri ya risasi ya volti 12 na 100Ah, ukiitumia nusu tu kama inavyopasa, inakupa 600Wh. Zaidi ya nusu imekwenda kabla hujawasha hata taa! Zima UPS usipoihitaji. Taa na kuchaji simu viende kwa DC moja kwa moja.

Waya, fyuzi na kukata betri

Mzigo wa wati 200 kwa volti 12, ukihesabu ufanisi wa asilimia 80, unavuta ampea 21 hivi. Kwa umbali wa mita 1.5, kwenda na kurudi ni mita 3, waya wa 2.5mm² unapoteza karibu volti 0.45, wa 10mm² unapoteza 0.11. Hiyo 0.45 inatosha kuifanya UPS ilie betri imekwisha wakati bado ina nusu. Weka 10mm², lagi (vichwa vya chuma vya mwisho wa waya) zilizobanwa vizuri, na fyuzi ya ampea 40 karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Usiunge inveta kwenye matundu ya mzigo ya chaji kontrola (kifaa kinachosimamia paneli inapochaji betri); mengi hayabebi ampea hizo. Paneli ziende kwenye kontrola, kontrola kwenye betri, UPS kwenye betri.

UPS hukata betri ya volti 12 ikifika kama 10.5. Kwa betri ya 7Ah inayokamuliwa ampea 30 hilo ni sawa, maana volti huanguka kwa sababu ya ukinzani wa ndani. Betri ya 100Ah inayotoa ampea 7 ikifika 10.5 imekwisha kabisa, na ikirudiwa hivyo kila usiku haitadumu. Weka kifaa cha nje cha kukata kwenye 11.7 hivi, chenye uwezo wa ampea 60. Betri ya kuwashia gari isikushawishi, haikuundwa kwa kazi hii. Betri ya maji nayo hutoa hidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo ikae penye hewa, mbali na rilei za UPS (swichi za sumaku, ambazo hutoa cheche).

Kwa upande wa volti za juu, kontrola ikipandisha zaidi ya volti 14.8 kusawazisha seli, baadhi ya UPS hulalamika au kuzima. Fanya kazi hiyo UPS ikiwa imezimwa. Chaja ya ndani isahau: mara nyingi hutoa kama ampea 1, na 100Ah tupu ingeihitaji zaidi ya siku nne.

Plagi ya ukutani ikate. Rilei ikigandana, pini zake hupata umeme kutoka kwenye inveta yako mwenyewe. Funika laivu na nyutro, kila waya peke yake, kwenye kiboksi cha kuungia, na waya wa ethi uunge kwenye fimbo ya ardhini. Kumbuka kifaa cha kukata umeme unaovuja hakitafanya kazi kama nyutro ya inveta haijaungwa na ethi mahali pamoja. Hilo amua na fundi anayejua nyaya za nyumba yako.

Mwisho, usishtuke mita ya bei ndogo ikikuonyesha volti 180. UPS nyingi za aina hii hutoa wimbi la ngazi, si laini kama la gridi, na mita isiyopima thamani halisi hudanganyika: 180 yake inaweza kuwa 230 kamili. Chaja za kompyuta, runinga na balbu za LED kwa kawaida huvumilia wimbi hilo. Friji hapana. Mota yake hupata joto, na wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya wati zake.