Mkushi wa Nyumba ya Mfalme na Matambara Yake

Anayeingia katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, anasimama mahali palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa hilo liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Kwa sababu hiyo, sisi tunaofundisha Maandiko visiwani hapa hatuwezi kuwapita upesi watu wa Biblia waliotekwa au waliotumikia ugenini, hata kama habari zao hazizidi aya chache.

Katika 2 Wafalme 5 yumo msichana wa Israeli aliyetekwa na vikosi vya Shamu, akawekwa kumtumikia mke wa Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu. Jina lake halitajwi. Alisema neno moja tu, kwamba laiti bwana wake angefika kwa nabii aliyeko Samaria angeponywa ukoma, na kwa neno hilo jemadari akafunga safari. Mwalimu asiitumie habari hii kuhalalisha utekaji, maana Maandiko hayausifu utumwa wake.

Ninayependa kukaa naye zaidi ni Ebedmeleki, Mkushi, towashi katika nyumba ya Mfalme Sedekia wa Yuda, ambaye habari zake zimo katika Yeremia 38 na 39. Jina lake lina maana ya mtumishi wa mfalme, hata mtu hujiuliza kama ndilo aliloitwa na mama yake huko Kushi, kusini mwa Misri. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na jeshi la Babeli, na wakuu walikuwa wamemshusha nabii Yeremia katika shimo lisilo na maji ila tope, kwa kuwa aliwaambia watu kwamba atakayejisalimisha kwa Wakaldayo, yaani hao Wababeli, ndiye atakayeishi. Mfalme mwenyewe alikiri kuwa hana la kufanya mbele ya wakuu hao. Mgeni huyu alimwendea mfalme langoni, mahali pa hadhara, akasema wazi kwamba wakuu wametenda uovu na nabii atakufa kwa njaa.

Alipewa watu 30. Kabla ya kwenda shimoni alipita chini ya hazina, akachukua nguo kuukuu na matambara, akamteremshia Yeremia, akamwambia ayaweke makwapani, chini ya kamba. Anayejua jinsi kamba ya makumbi inavyochubua viganja ataelewa mara moja. Kamba peke yake ingetosha kumtoa nabii topeni, lakini Ebedmeleki alikwisha kuufikiria mwili wa mtu atakayevutwa. Hapo ndipo huruma yetu hupungukiwa mara nyingi: tunachanga fedha za mgonjwa, tusiulize nani atamgeuza kitandani usiku.

Wakristo wengi wa Unguja na Pemba wamekuja kwa kazi, katika hoteli, shule na kambi, na wanaishi miongoni mwa majirani Waislamu, mbali na jamaa zao. Kwao Mkushi huyu ni ndugu wa karibu, kwa kuwa alitenda haki akiwa ugenini.

Yeremia, akiwa bado amefungwa katika uwanja wa walinzi, aliagizwa amwambie Ebedmeleki kwamba mji utaangamia, lakini yeye hatatiwa mikononi mwa watu anaowaogopa. Ndipo tunapojua jambo ambalo sura ya 38 haikulitaja, kwamba mtu huyu alikuwa na hofu.