Kipimo cha haiba "kikikupata", usikiamini bado

Mtu akisoma ripoti ya haiba yake akaniambia, "Huyu ni mimi kabisa," huwa sishangilii. Kujiona ndani ya ripoti si ushahidi kwamba kipimo kinafanya kazi.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwajazisha wanafunzi wake 39 dodoso. Baadaye akamkabidhi kila mmoja maelezo ya haiba yake, akawaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyowalenga. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, mengi yakiwa yameokotwa kwenye kitabu cha unajimu: unataka watu wakupende, unajikosoa sana, una uwezo ambao bado hujautumia. Nani atayakana hayo?

Kwa hiyo ninapoletewa kipimo kipya nauliza maswali mawili yasiyo na mvuto. La kwanza ni la uthabiti: mtu akikirudia baada ya wiki kadhaa, matokeo yanakaribiana? La pili ni la uhalali: alama hizo zinatabiri chochote nje ya karatasi?

Kipimo cha Myers-Briggs, chenye aina 16 za watu na mizizi katika nadharia aliyoichapisha daktari wa akili wa Uswisi, Carl Jung, mwaka 1921, hutatizika hapo. Hukata kila sifa katikati: ama wewe ni mtu wa kujichanganya, ama wa kujitenga. Lakini alama za watu wengi hurundikana katikati, kama ulivyo urefu wa miili. Ukiwagawa watu kuwa warefu na wafupi basi, wawili waliopishana nusu sentimita watajikuta makundi tofauti. Ndiyo maana mtu anaweza kukirudia akapewa aina nyingine ilhali yeye hajabadilika. Bado kinapendwa mno, na sishangai. Watu tunapenda kupewa fungu letu.

Njia ya kupima sifa kwa viwango ilianza kwa kazi ya kuchosha. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza, wakatoka na karibu maneno 18,000 ya kutofautisha watu. Raymond Cattell akayapunguza, akatumia takwimu kuona yapi huandamana, akabaki na sifa 16. Watafiti waliofuata wakawa wanakutana tena na tena na tano tu: uchangamfu, upole, uwajibikaji, wahaka na uwazi wa mawazo. Hakuna aliyeketi akazibuni, ziliibuka zenyewe kwenye hesabu. Hiyo ndiyo nguvu yake, na pia udhaifu: zinaonyesha watu wanavyotofautiana, ila hazisemi kwa nini fulani amekuwa hivyo. Kwa swali hilo Sigmund Freud, mwasisi wa saikochanganuzi, alikuwa na majibu tele, tatizo ni kwamba mengi hayapimiki.

Halafu kuna kujipamba, yaani mtu kujibu ili aonekane mzuri kuliko alivyo. Dodoso la Minnesota, MMPI, lililotolewa mwaka 1943 kwa matumizi ya kliniki, lina mizani ya ndani ya kunasa hilo. Ukikana hata vikasoro vidogo ambavyo karibu kila mtu anavyo, kwa mfano kwamba huwa unakasirika, mizani hiyo hupanda, nami naanza kuyasoma majibu yako mengine kwa tahadhari. Madoa ya wino ya Hermann Rorschach, kadi 10 za mwaka 1921 ambazo mtu huonyeshwa akaulizwa anaona nini, yalionekana kuwa njia ya kuukwepa ujanja huo. Yanasaidia kiasi kutambua fikra zilizovurugika, lakini mengi mengine yanayodaiwa kuonekana humo hayana ushahidi wa kutosha.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1968, mwanasaikolojia Walter Mischel alipoonyesha kwamba uhusiano kati ya alama za sifa na tabia ya mtu katika tukio moja mara chache huzidi 0.30, pale 0 ikiwa ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba kikamilifu. Wengine wakadhani haiba imezikwa. Jibu lililopatikana ni la kitakwimu: kitendo kimoja hakitabiriki vizuri, wastani wa vitendo vingi hutabirika zaidi. Mtu mwenye wahaka anaweza kuwa mtulivu kabisa leo, ila mwaka mzima utamwona.

Kwa sababu hiyo dodoso peke yake halinitoshi. Nafanya mahojiano, na mteja akikubali, nampa mtu anayemjua vizuri ajaze dodoso lilelile kumhusu yeye. Majibu ya hao wawili yakipishana sana kwenye sifa fulani, mahojiano yanayofuata huanzia kwenye sifa hiyo.