Chopsi za nguruwe kwenye eafraya: zinakauka kwa woga

Kila tunapofundisha upishi salama hapa Nairobi, swali hili halikosi: nimenunua eafraya (jikokaango la umeme linalopika kwa upepo wa moto), mbona chopsi zinatoka kavu kama soli ya kiatu? Mara nyingi kosa si la mashine. Ni woga. Tumelelewa tukiambiwa nguruwe apikwe hadi aishe, kisha aongezewe moto kidogo, kwa sababu ya tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni.

Woga huo una chanzo. Tegu wa nguruwe, Taenia solium, yupo Kenya, na vijifuko vya mabuu yake huonekana ndani ya nyama kama punje za mchele. Ila kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukila vijifuko hivyo vikiwa hai, unapata tegu wa tumboni. Ule ugonjwa wa vijifuko kwenye ubongo, unaoleta kifafa, hutokana na kumeza mayai yaliyotoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa. Hata asiyewahi kuonja nguruwe anaweza kuupata. Chopsi ikiungua hadi iwe mkaa haimkingi mtu na hilo. Choo na sabuni ndivyo vinavyomkinga.

Kwa nyama yenyewe, anzia buchani. Iliyopitia machinjio rasmi, kama Ndumbuini, hukaguliwa na kupigwa muhuri. Omba kuuona. Muuzaji akinung'unika, mwachie nyama yake.

Kisha joto. Mwaka 2011 Idara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango cha kipande kizima cha nguruwe kutoka nyuzi 71 za Selsiasi hadi 63, zikipimwa katikati ya nyama, halafu nyama itulie dakika 3 kabla ya kukatwa. Nyuzi 8 zinaonekana kidogo, lakini ukishapita kama 66 protini za msuli hujikaza na kuyasukuma maji nje, kama nguo inavyokamuliwa.

Eafraya ni koili ya moto na feni. Upepo uleule unaoipa nyama rangi ya kahawia ndio unaoinyang'anya chopsi nyembamba maji yake kabla hujageuka. Kwa hiyo omba ikatwe inchi moja, mfupa na ukanda wa mafuta vibaki, na uutie ule ukanda mikato miwili mitatu ili nyama isijikunje.

Paka nusu kijiko cha chai cha chumvi kila chopsi, uziache kwenye friji dakika 40 au zaidi. Mwanzoni utaona maji yametoka. Subiri, yatarudi ndani yakiwa na chumvi, na nyama hiyo hushika unyevu wake vizuri ikipikwa. Ikaushe kwa karatasi, ipake mafuta kidogo, pilipili manga, na rozmeri ya kwenye ua wa jirani (omba kwanza). Asali iache hadi dakika 2 za mwisho, la sivyo itaungua.

Washa eafraya nyuzi 200 dakika chache kabla. Panga chopsi bila kuzilalisha moja juu ya nyingine, geuza baada ya dakika 5, na kuanzia dakika ya 9 choma kipimajoto kutoka ubavuni, mbali na mfupa. Ikifika 63, toa. Uwekundu hafifu karibu na mfupa usikurudishe motoni ikiwa kipimajoto kimeshasema. Anayeishi bedisita, ambako jiko na kitanda vinagawana dirisha moja, aweke vijiko viwili vya maji chini ya kikapu. Mafuta yanayodondoka hayatafuka moshi.

Hesabu hii ni ya kipande kizima tu. Nyama ya kusaga na soseji mbichi zibaki kwenye nyuzi 71, kwa kuwa mashine huingiza ndani bakteria waliokuwa juu. Na ubao uliowekea chopsi mbichi usikatie kachumbari, hata kama unaonekana safi.