Ndimu, Majivu na Pesa ya Bibi: Tunayoyaamini Vibaya Kuhusu Sarafu za Kale

Nilianza kukusanya sarafu mwaka 1971, nikiwa na miaka 13, hapa hapa Tanga. Makosa yangu makubwa hayakutokana na kukosa hela. Yalitokana na mambo niliyoyaamini kwa sababu kila mtu aliyasema. Ninayaandika hapa kwa kadiri yalivyoniuma, kwa hiyo la kwanza litakuwa refu kuliko mengine.

"Sarafu ikisafishwa inapanda bei"

Bibi mzaa mama alikuwa na kibweta alimoweka udi, kipini cha pua na pesa moja ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja. Upande mmoja maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mizani, na chini ya mizani mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Rangi yake ilikuwa kahawia iliyokolea, kama tende. Siku aliyonipa, nikaifanyia kile ambacho mtoto yeyote wa pwani amefundishwa kulifanyia sinia la shaba: nikakata ndimu, nikachota majivu jikoni, nikasugua. Haikuchukua muda ikawa nyekundu ya waridi, kama ufizi wa mtoto. Nikakimbia kumwonyesha. Akaigeuza kiganjani mara mbili, akasema, "Mbona umeivua nguo?"

Nikadhani ananitania.

Ukweli ni kwamba ile kahawia haikuwa uchafu. Ni ngozi ambayo shaba hujitengenezea yenyewe kwa hewa na kwa mikono ya watu, pole pole, kwa miaka, na ndiyo inayoikinga. Asidi ya ndimu huila ngozi hiyo, na majivu huacha mikwaruzo myembamba ambayo jicho tupu halioni ila lenzi inaiona mara moja. Miaka ya tisini niliipeleka Dar es Salaam kwa mnunuzi mmoja. Aliinamisha lenzi yake, na hata nusu dakika haikufika akanirudishia. "Ingekuwa haijaguswa, mzee, ningeichukua." Wakati huo sikuwa mzee bado, lakini nilitoka pale nimezeeka.

Fedha nayo ni vivyo hivyo. Dawa ya meno, magadi, ile dawa ya kopo ya kung'arishia vitasa, vyote vinakwangua. Kama sarafu ina udongo, iloweke kwenye maji safi yasiyo na chumvi, uiache, kisha uikaushe kwa kuibonyezabonyeza kwenye kitambaa laini bila kusugua. Ukiona unga wa kijani mpauko unaota kama ukungu na kila wiki unaongezeka, hilo ni jambo jingine: ni chumvi inayoila shaba kutoka ndani, na sisi wa pwani tunayo chumvi hadi kwenye mapazia. Itenge na wenzake, iweke pakavu pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya, na umwulize anayejua. Ndimu usiiguse.

Na kwa kuwa tumo humo humo: vimfuko laini vya plastiki vyenye harufu ya pazia jipya la bafu si salama kama vinavyoonekana. Baada ya miaka kadhaa hutoa utelezi wa kijani unaonata juu ya sarafu. Mipira ya kufungia noti nayo huacha mistari myeusi kwenye fedha. Nilizifunga shilingi zangu nadhifu kabisa kwa mipira hiyo, moja baada ya moja, kama mtu anayejua anachofanya.

"Ikiwa na mwaka wa zamani, basi ni ya zamani"

Nani hajaonyeshwa reale, ile sarafu ya fedha ya yule mama mnene, malkia Maria Theresa wa Austria, imeandikwa 1780? Wazee wetu waliiita reale ya Sham, na ilizunguka kutoka Uhabeshi na Arabuni hadi Unguja na Lamu. Nilinunua yangu ya kwanza kwa karibu mshahara wa mwezi mzima, nikiamini nimeshika kitu cha karne ya 18.

Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu hawakutaka sura nyingine wala mwaka mwingine, kwa hiyo viwanda viliendelea kuipiga ile ile, kwa tarehe ile ile: Vienna, kisha katika karne ya 20 Roma, London, Paris, Birmingham hata Bombay. Ina gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni halisi, hapo sikudanganywa. Nilijidanganya kwenye umri. Wanaozijua hutazama vijambo vidogo, kwa mfano lulu za kwenye bizimu ya bega, ndipo waseme imetoka wapi na lini. Yangu inawezekana kabisa ikawa rika moja na baba yangu.

"Sarafu za Edward wa Nane ni utajiri"

Hii nimeisikia tangu ujana, na simu za mkononi zimeipa miguu. Mfalme Edward wa Nane alishika kiti Januari 1936 na kukiachia Desemba mwaka huo huo, kabla Uingereza haijatoa sarafu zenye sura yake kwa wananchi. Zile chache za majaribio zilizobaki ndizo zinazopigiwa kelele, na moja ya dhahabu iliuzwa kwa pauni milioni 1 mwaka 2020. Mtu akisoma habari hiyo, kisha akakuta kwenye kibubu cha babu senti kumi yenye tundu, imeandikwa EDWARDVS VIII, usingizi unamruka.

Tofauti ni kwamba senti za tundu za Afrika Mashariki hazikuwa na sura, zilikuwa na jina tu kuzunguka lile tundu. Senti 5 na senti 10 za jina lake zilipigwa kwa mamilioni na zikatumika sokoni, Mombasa, Kampala na Dar, kununulia vitumbua. Ninazo tele kwenye mkebe. Nikimpa mtu moja bure ananitazama kama mwendawazimu au mwizi.

Na lile tundu si dosari, maana hilo nalo naulizwa. Zilipigwa hivyo makusudi, watu wakazitunga kwenye uzi.

"Shilingi ya simba ni fedha tupu"

Ni robo tu, na si zote. Shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zile za simba amesimama mbele ya milima, zilikuwa na fedha asilimia 25 kuanzia 1921 hadi zile za 1946. Zilizotoka 1948 na kuendelea ni shaba iliyochanganywa na nikeli, hazina fedha hata chembe. Shilingi nzima ina uzito wa karibu gramu 8, kwa hiyo hata ile ya mwanzo ina fedha isiyofika gramu mbili. Miaka ya sabini nilimpelekea sonara shilingi 40 ayeyushe amtengenezee mchumba wangu bangili. Ilitoka rangi ya bati. Mke wangu anayo hadi leo, na huivaa siku akitaka kunikumbusha.

"Rupia ya Mjerumani ina nguvu"

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu watu wanauza mashamba kwa ajili yake.

Mwaka 1916, koloni la Wajerumani likiwa limezingirwa na meli za nje haziingii, walipiga sarafu zao Tabora, kwenye karakana ya reli. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walitengeneza rupia 15 zenye ndovu aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Zilizopigwa ni elfu 16 na kitu tu, kila moja gramu 7 na kidogo. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora. Hizo kweli ni adimu, na ndiyo maana za bandia ni nyingi. Heleri 20, yaani sarafu ndogo za rupia hiyo, za shaba ya njano na nyekundu, za karakana hiyo hiyo zilipigwa kwa wingi mno, na ni hizo ambazo mara nyingi mtu anakuwa nazo mfukoni akisema ana "rupia ya Tabora".

Sasa kuna hii ya rupia inayovuta punje za mchele, au yenye zebaki ndani. Mwaka 1998 alinijia mtu nadhifu, briefkesi mkononi, akasema ana mnunuzi wa nje, kinachotakiwa ni nauli ya mtaalamu wa kupima tu. Mimi, mkusanyaji wa miaka 27, nilitoa. Nilijua kabisa kwamba chuma huvutwa na sumaku na mchele hauvutwi. Nilitoa hata hivyo, kwa sababu nilitaka iwe kweli. Nauli ile bado iko njiani.

"Muhimu ni sarafu, hadithi ni porojo"

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, akiwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, aliokota mchangani sarafu tisa. Akaziweka kwenye kopo miaka na miaka. Zilipokuja kutambuliwa, tano zilikuwa za Kilwa, za masultani wetu wa kusini mwa pwani hii. Namna zilivyofika kule bado watu wanabishana. Ila Isenberg alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani mahali alipoziokota, na ni kwa ramani hiyo watafiti wanaweza hata kuanza kubishana. Vivyo hivyo Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984: sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilifukuliwa na wanaakiolojia kwa utaratibu, na inajulikana zilikuwa wapi ardhini. Zingefukuliwa usiku kwa jembe, leo zingekuwa vipande vya fedha tu kwenye mizani ya sonara.

Mimi nina sarafu zaidi ya 600. Zile ninazoweza kusema zimetoka kwa nani hazifiki 50. Bibi alifariki 1983. Sikuwahi kumwuliza ile pesa ya Barghash aliipataje, ilikuwa mahari, ilikuwa chenji, ilikuwa ya mama yake Pangani. Nilikuwa na miaka 12 ya kumwuliza, na tulikuwa tunakunywa chai meza moja.

Siku hizi kila sarafu ina karatasi yake: nani, wapi, lini, bei gani. Mjukuu wangu wa kike ndiye mwandishi, hati yangu haisomeki tena. Tulipofika kwa pesa ya bibi aliishika mkononi. Wekundu wake umefifia tangu ile siku ya ndimu, lakini kahawia iliyorudi ni ya mabaka, kama hina ya wiki ya tatu. Akauliza aandike nini. Nikamwambia aandike: "Barghash, 1299. Ya bibi. Ilisuguliwa na mimi, 1971."