Je, wajua kwa nini nyeusi ndiyo inayoficha kwenye barakoa ya picha?

Mwenye kadi alitaka heroe wa Ziwa Nakuru asimame juu ya majina ya maharusi, bila anga nyuma yake. Nikaiwekea leya ya ndege, yaani tabaka la picha lililombeba, barakoa: kifuniko kinachoamua sehemu gani ionekane. Nikachukua brashi, nikapaka anga lote nyeupe. Halikutikisika. Nikapaka tena, nikailaumu kompyuta ya saiba. Kwangu karatasi tupu ni nyeupe, basi nyeupe ndiyo utupu.

Kumbe hata neno "utupu" lilinipotosha. Barakoa haifuti kitu. Ile tuliyovaa wakati wa Korona haikumkata mtu pua; ukiivua, pua iko palepale. Ndivyo ilivyo kwenye Photoshop na GIMP, programu za kuhariri picha: anga lililofichwa bado limo ndani ya faili, na mteja akibadili nia wiki ijayo unalirudisha kwa brashi ileile. Kifutio ndicho kinachokata pua. Nami nilikuwa nimekata nyingi.

Sasa, kwa nini nyeusi? Kwa sababu kwa kompyuta barakoa ni namba tupu. Kila nukta ya picha ina koki yake, na kwenye barakoa ya kawaida ya biti 8 koki hiyo huenda kutoka 0 hadi 255. Nyeusi ni 0: koki imefungwa, halipiti tone, unaona leya ya chini. Nyeupe ni 255: imefunguliwa kabisa. Kijivu cha 128 ni nusu koki, na hapo mabomba mawili humwaga ndoo moja. Nukta ya ndege yenye mwanga wa 200 ikilala juu ya kadi yenye 100, utapata takriban 150. (Nusu hiyo ni ya namba, jicho laweza kuiona vingine, na programu hazichanganyi zote kwa njia moja.) Mimi nilikuwa nafungua koki iliyokwisha funguliwa.

Hesabu hiyo ina umri. Wataalamu wa michoro ya kompyuta Alvy Ray Smith na Ed Catmull ndio waliobuni, New York mwaka 1977, namna ya kila nukta kubeba uwazi wake pamoja na rangi. Waliuita alfa.

Kazi ngumu ni ya kijivu. Ncha ya unyoya ni nyembamba kuliko nukta, kwa hiyo nukta moja hubeba unyoya kiasi na anga kiasi. Ukitumia nyeusi na nyeupe pekee, ndege anatoka na kingo za msumeno. Kijivu huzilainisha, ingawa hakiondoi buluu ya anga iliyokwisha ingia kwenye unyoya. Hiyo husafiri na ndege hadi kwenye kadi.

Heroe wangu hatimaye alitoka safi, juu ya ile miraba ya kijivu na nyeupe kama ubao wa drafti, ambayo ndiyo programu inavyochora "hapa hakuna kitu". Nikamhifadhi kwa JPEG, aina ya faili ya picha ambayo haina pa kuwekea koki. Akafika kwa mchapishaji Kisumu amesimama ndani ya kisanduku cheupe.